Ndani na nde

Ukiiweka chembe nyekundu ya damu chini ya hadubini nzuri, kisha ukajizuia hata kupumua usije ukaitikisa meza, utaona ukingo wake hautulii. Unacheza taratibu, unaingia na kutoka, kama uso wa maji ya Bandari ya Kale alfajiri kabla kusi haijaamka. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikuwa mwanafunzi, nikadhani meza ni mbovu. Mwalimu akaniambia, "Angalia vizuri binti, hiyo si meza." Mwaka 1975 watafiti Brochard na Lennon walichapisha hesabu za kuonyesha kwamba mtetemo ule waweza kutokana na joto tu: molekuli za maji zinaugonga utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka chembe, kutoka kila upande, nao kwa wembamba na ulaini wake unaitikia. Baadaye ikajulikana kuwa chembe yenyewe nayo hutia nguvu zake humo. Mimi siku ile sikuwa na habari ya hesabu yoyote. Nilitoka pale nikiwaza kitu kimoja: ule mpaka wa seli, niliouchora shuleni kwa kalamu kama duara lisilosogea, kumbe haukai kitako hata nukta moja.

Ni miaka tisa sasa. Nafanya kazi katika maabara ndogo hapa Mombasa, chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia mwembe, na kazi yangu ni kujenga tando za seli. Nazijenga kuanzia mwanzo, kwa mafuta yanayouzwa kwa miligramu, kwa maji, sukari na chumvi. Jamaa zangu wakiulizwa nafanya nini husema, "Apima damu." Wamekaribia. Damu ndiyo iliyonileta huku, maana mdogo wangu ana selimundu. Nimekua nikimwona amekunja magoti kitandani asubuhi za Julai, mama akimkanda kwa kitambaa cha maji moto, sisi wengine tukitembea kwa ncha za vidole. Ugonjwa wenyewe chanzo chake ni hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe. Ikipungukiwa oksijeni hujipanga vijiti virefu na kuisukuma chembe ikawa na umbo la mundu. Lakini anayepigwa na vijiti hivyo ni utando. Unapindwa na kunyooshwa, ukapindwa tena, mpaka unapoteza mpangilio wake. Mimi nataka kujua unapoteza nini hasa, na kwa utaratibu gani.

Huulizwa, basi kwa nini nisichukue damu yake nikaitazama? Kwanza, damu ya mgonjwa si kitu cha kuchezea, hata akiwa ndugu yako; ina ruhusa zake na kamati zake, na ni sawa iwe hivyo. Pili, chembe halisi ina mambo mengi mno kwa wakati mmoja. Utando wake, kwa uzito, karibu nusu ni protini. Lipidi zake, yaani mafuta yake, ni aina mia kadhaa. Chini yake kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, na juu yake kuna msitu wa sukari. Ukiona chembe ya mgonjwa imekuwa ngumu kuliko ya mzima, utamshika nani? Ndiyo maana watu hujenga utando wa mfano: unaweka kitu kimoja, unapima, unaongeza cha pili, unapima tena. Ukipata badiliko unajua limeletwa na nani, kwa sababu wewe ndiye uliyemkaribisha ndani.

Kazi hii ina ukoo ninaoupenda, na anayetangulia moyoni mwangu ni Agnes Pockels. Aliishi Braunschweig, Ujerumani, akiwatunza wazazi wake wagonjwa. Chuo hakwenda, wakati ule wanawake hawakupokelewa. Jikoni kwake aliona jinsi mafuta yanavyobadilisha uso wa maji ya kuoshea vyombo, akatengeneza kisinia cha bati chenye kipande cha kusogezasogeza juu ya maji, akawa anaubana ule utando wa mafuta na kupima nguvu ya uso wa maji. Alifanya hivyo kwa karibu miaka kumi bila ya mtu kujua. Mwaka 1891 akamwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza, naye akaipeleka katika jarida la Nature ikachapishwa. Mwanakemia Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1932 kwa kazi za nyuso za maji na vitu, alitumia kisinia cha jamii hiyohiyo. Nikikaa jioni nikiwa sina kifaa ambacho makala fulani inasema "kifaa cha kawaida", humkumbuka Pockels na kile kibati chake, nikaanza kutafuta nilicho nacho.

Kisinia hicho ndicho kilichotuonyesha seli imefunikwa na nini. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, watafiti Gorter na Grendel walichukua chembe nyekundu za damu, wakakamua lipidi zake kwa asetoni, wakazitandaza juu ya maji. Eneo zililofunika lilikuwa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Basi wakasema: utando wa seli ni tabaka mbili za lipidi, vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje kila upande, mikia inayokimbia maji imefichwa katikati. Walisema kweli. Na bado vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili: asetoni haikutoa lipidi zote, na eneo la chembe walilikadiria dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo yakafutana. Hadithi hii hupenda kuwasimulia wanafunzi wangu, kisha naweka kalamu chini na kuwaomba wafikirie: je, kama kosa moja tu ndilo lililotokea? Tungekaa miaka mingapi na jibu baya lenye sura nzuri? Tabaka zenyewe mbili kwa pamoja ni unene wa nanomita 4 hadi 5. Hakuna jicho litakalokuonya.

Sasa niwaeleze ninavyojenga, kwa maana najua kuna vijana wanaotaka kujaribu kazi hii katika vyuo vyetu vya pwani na wanadhani haiwezekani bila ya jumba la vioo.

Njia niliyofundishwa mwanzo ni ya Angelova na Dimitrov, ya mwaka 1986. Unachukua vioo viwili vilivyopakwa oksidi inayopitisha umeme. Unatandaza juu yake lipidi zilizoyeyushwa katika kloroformu, unakausha kwa pampu ya kuvuta hewa mpaka kloroformu yote iondoke. Unaviweka vioo vikitazamana, katikati unajaza maji ya sukari, halafu unapitisha umeme mdogo wa volti moja hivi unaogeuka mara 10 kwa sekunde. Ukiwa na subira ya saa mbili, lile tabaka kavu huumuka kama hamri iliyopata moto wa kutosha, likajitenga vipande vya duara. Unapata viputo vyenye ukuta wa tabaka mbili za lipidi, kipenyo cha makumi ya mikromita, vikubwa kuliko chembe ya damu yenyewe. Ndani umetia sukrosi, nje unabadilisha unaweka glukosi ya nguvu ileile. Sukrosi ni nzito zaidi, basi viputo hushuka vikatua chini taratibu, na chini ya hadubini huonekana vyeusi ndani ya mwanga. Siku ya kwanza vilipotokea mikononi mwangu niliita watu wa chumba cha pili waje waone.

Lakini Mombasa ina masharti yake. Saa mbili za umeme usiokatika si jambo la kuahidiwa. Stima ikipotea saa ya kwanza, viputo vinabaki nusu, vimeshikana kama mayai ya samaki. Na njia hiyo haipendi chumvi. Kwa marudio madogo ya umeme, maji yenye chumvi kama ya damu huharibu kazi. Inabidi kupanda mpaka marudio mia kadhaa kwa sekunde, na kifaa changu cha kutoa umeme wa namna hiyo kilikuwa kimeliwa na kutu kwenye viungo vyake, kama kila chuma kinavyoliwa hapa na hewa ya bahari. Nikahamia kwenye gundi ya polivinili alkoholi. Unaitandaza juu ya kioo cha kawaida, unaikausha, juu yake unapaka lipidi, kisha unamimina maji yenye chumvi unayoitaka. Gundi inanyonya maji na kuvimba, na inapovimba inainua lipidi zikawa viputo. Nusu saa, bila ya umeme wowote. Nikiulizwa kifaa gani kimenisaidia zaidi katika maisha yangu ya maabara, nitataja unga ule mweupe.

Joto letu lina neema na lina adhabu. Neema yake utaielewa kwa mafuta ya nazi. Hapa Mombasa chupa ya mafuta ya nazi hukaa maji mwaka mzima, labda alfajiri chache za Julai yafanye ukungu. Nilipokwenda kukaa Limuru kwa masomo, chupa niliyopewa na bibi iliganda ikawa nyeupe kama mshumaa, nikawa naichokoa kwa kijiti. Mafuta yaleyale, bibi yuleyule. Huyeyuka karibu na nyuzi 24. Lipidi za utando nazo ni hivyohivyo, kila moja na nyuzi zake. Ile iitwayo DMPC hubadilika kwenye nyuzi 24 hivi. DPPC, ambayo mikia yake imenyooka na ni mirefu kidogo, mpaka 41. POPC, yenye mkia mmoja uliopinda, chini ya sifuri. Ikiwa chini ya nyuzi zake, lipidi hukaa imeganda na utando haujengeki vizuri. Maabara yangu ina nyuzi 30 bila ya kuwasha chochote, kwa hivyo lipidi nyingi ninazotumia ziko tayari zimelainika mezani.

Adhabu ni kuchacha. Lipidi zenye mikia iliyopinda hushambuliwa na oksijeni pale kwenye pindo, na joto huharakisha mambo. Zinatakiwa zikae kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, chini ya gesi ya naitrojeni. Mwaka juzi mzigo wangu ulikwama njiani siku sita, mwezi Machi, mwezi ambao hata sakafu ya ukumbini hutoa jasho. Walionikabidhi waliniambia barafu kavu ilikuwa bado imo. Nilipofungua hapakuwa na hata ukungu, lakini karatasi zote zilikuwa na mihuri na saini, nami nilikuwa nimengoja miezi minne. Nikazitumia. Viputo vilitokea vizuri, duara safi, nikapima wiki baada ya wiki. Tando zangu zilikuwa laini kupita makala zote nilizosoma na zilipasuka upesi. Nami nikaanza kujenga maelezo makubwa ya kwa nini. Mwanafunzi wangu ndiye aliyefungua kichupa siku moja akasema, "Mwalimu, mbona hii yanukia mafuta ya kukaangia ya juzi?" Lipidi iliyochacha mkia wake hugeuka kutaka maji, hujipenyeza kuelekea juu, utando ukatanuka na kulegea. Vipimo vya miezi mitatu tukavifuta. Yule kijana nilimshukuru siku ile na namshukuru tena leo, kwa sababu wengi wangenusa wakanyamaza.

Haya yote, hata hivyo, ni habari za ufundi. Kosa kubwa la viputo vyangu lilikuwa jingine, na nilikuwa nalitazama bila ya kuliona.

Ami yangu ni fundi wa majahazi. Yeye hutoka familia iliyotoka Lamu, na mpaka leo, majahazi yaliyobaki yakihitaji kupakwa, huitwa. Kazi hiyo hufanywa wakati wa bamvua. Chombo hupwelezwa maji yakiwa yamejaa, kikaegemezwa nguzo, maji yakipwa chini huwa pakavu, na mafundi wana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Nilikwenda kumpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta chini ya mkuku, mikono mpaka viwiko ni myeupe kwa deheni: shahamu iliyochemshwa ikachanganywa na chokaa, hupakwa sehemu yote inayokaa ndani ya maji ili funza wa baharini asile mbao. Harufu yake mtu haisahau. Kando kulikuwa na debe jingine, la sifa, mafuta ya ini la papa, mekundu yamekolea.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Ndoo, keti hapa penye kivuli. Hayo mafuta yako yamekuwaje?"

Nikamweleza, kama ninavyomweleza siku zote, kwamba nimepata viputo vizuri, kwamba nimeweka lipidi nne kwa vipimo vya chembe ya damu, pamoja na kolesteroli, ambayo katika chembe nyekundu ni zaidi ya 40 kwa kila lipidi 100. Akasikiliza huku akipaka. Halafu akauliza:

"Na ndani na nde watia dawa moya?"

Nikasema ndiyo, ya ndani na ya nje, zote huchanganywa pamoja.

Akasimama. Akaonyesha debe la sifa kwa kidevu. "Hii ni ya ndani, na ya juu ya maji. Mbao yapata kunywa, haipasuki kwa jua. Deheni ni ya tini, ya kupigana na bahari. Ukinitilia deheni ndani ya chombo, nitajua hujapata kuona jahazi."

Kitu hiki nilikuwa nakijua. Nilikifanyia mtihani. Mwaka 1972 mtafiti Bretscher alionyesha kwamba tabaka mbili za utando wa chembe nyekundu hazifanani. La nje ni fosfatidilkolini na sfingomielini kwa wingi. La ndani ni fosfatidiletanolamini, pamoja na fosfatidilserini, lipidi yenye chaji hasi, ambayo karibu yote imefichwa ndani. Chembe haiachi jambo hilo lijiendee. Ina protini maalumu, flipasi, inayotumia nishati kuikamata fosfatidilserini inayopotea njia ikatokea nje, na kuirudisha ndani. Haikomi kufanya kazi hiyo, siku zote 120 hivi za uhai wa chembe. Nilikuwa nikiyasoma hayo, nikiyafundisha, kisha nikirudi kwenye meza yangu na kuchanganya zote nne katika kichupa kimoja kwa sababu ndivyo njia ya viputo inavyotaka, na ndivyo kila mtu alivyofanya.

Na hapa ndipo panaponiuma. Fosfatidilserini ikionekana nje ya chembe, huwa na maana mwilini. Seli zinazosafisha damu huisoma kama alama: huyu amekwisha, mleni. Mfumo wa kugandisha damu nao huitumia kama mahali pa kushikia. Chembe za mgonjwa wa selimundu, baadhi yao, zimepoteza ule mpangilio na huitoa nje, na hiyo ni moja ya sababu za kufa kwao mapema na za mishipa kuziba. Kwa hiyo viputo vyangu vya "mtu asiye mgonjwa", vile nilivyovitumia kama kipimo cha afya ili nilinganishe na ugonjwa, vilikuwa na fosfatidilserini nje tangu dakika ya kwanza. Miaka miwili nilikuwa nalinganisha mgonjwa na mgonjwa.

Sikula chakula na ami siku ile. Nilirudi maabara na nguo zangu zikinuka shahamu.

Njia za kujenga utando wenye pande mbili tofauti zipo. Moja hutumia saiklodekstrini, molekuli ya sukari yenye umbo la pete na tundu katikati. Hubeba lipidi kutoka upande mmoja ikazipandikiza katika tabaka la nje la viputo vilivyokwisha kujengwa. Nzuri, lakini nayo hubeba kolesteroli ukiiachia, na ukizidisha hupasua kila kitu. Nyingine ilichapishwa mwaka 2003 na Pautot, Frisken na Weitz, na hiyo ndiyo niliyoichagua kwa kuwa naweza kuiona kila hatua kwa macho. Unachukua mafuta ya parafini, yale safi ya duka la dawa (mafuta ya taa sisemi), unayeyushia lipidi unazozitaka ndani ya utando. Unatia matone ya maji ya sukrosi, unatikisa. Kila tone hujivika tabaka moja la lipidi. Katika chupa nyingine unaweka maji ya glukosi chini, na juu yake mafuta yenye lipidi unazozitaka nje. Hizo hujipanga kwenye mpaka wa mafuta na maji. Kisha unamimina matone yako juu na kuzungusha kwenye sentrifuji. Matone ni mazito, yanashuka, na kila moja likipenya ule mpaka hujivika tabaka la pili. La ndani lilivaliwa mafutani, la nje limevaliwa mlangoni.

Ubaya wake ni kwamba parafini kidogo hubaki katikati ya tabaka mbili, na huwezi kuapa kwamba haibadilishi ugumu wa utando. Kwa hiyo natengeneza pia viputo vyenye pande sawa kwa njia hiyohiyo ya mafuta, nivilinganishe na vile vya gundi. Tofauti ikitokea hapo, najua ni ya parafini. Wapo wanaopuuza hatua hiyo kwa kuwa inaongeza wiki mbili. Mimi siwezi tena kupuuza kitu cha namna hiyo.

Nilijaribu mara kumi na moja. Matone yaliungana, au yalikwama mpakani, au sukari yangu haikulingana kwa sababu maji huvukiza upesi chumbani humu na viputo vikasinyaa kama zabibu kavu. Mara ya kumi na mbili ilikuwa usiku, Ramadhani, baada ya tarawehe. Mwanafunzi wangu alikuja na thermosi ya kahawa chungu. Tulikuwa tumetia katika lipidi za ndani tu chembe chache za lipidi yenye rangi ing'aayo, NBD. Kipimo chake ni rahisi kukieleza: dithionaiti ya sodiamu ikiigusa rangi hiyo huizima, lakini dithionaiti haipenyi utando upesi. Katika viputo vyangu vya zamani, vyenye rangi pande zote mbili, ukiitia, mwanga hushuka hadi nusu, kwa sababu nusu ya rangi iko nje. Tukatia dithionaiti. Tukangoja. Yule kijana alikuwa anahesabu dakika kwa sauti. Mwanga ulipungua kidogo sana ukasimama palepale, na viputo vikabaki vinang'aa kijani, kila kimoja na duara lake, vikitetemeka ukingoni.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Halafu tukarudia yote tena usiku uleule, kwa viputo vingine, kwa anneksini V, protini inayoshika fosfatidilserini ikiwa kalsiamu ipo. Viputo vya zamani viliwaka pembeni mwake kote. Vipya vilibaki giza. Lipidi iliyotakiwa kufichwa ilikuwa imefichika.

Haidumu milele. Fosfolipidi katika utando mtupu hupinduka upande wa pili polepole sana, kwa saa nyingi na hata siku, lakini hupinduka, na kwangu hakuna flipasi ya kuzirudisha. Kwa hiyo kila kundi la viputo lina muda wake wa kupimwa, nami naandika saa juu ya kila chupa. Kazi ya chombo kilichopwelezwa: maji yatarudi.

Bado ninachokijenga kiko mbali na chembe halisi. Hakina spektrini chini yake, na spektrini ndiyo inayoipa chembe nyekundu uwezo wa kunyooshwa ikapita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe kisha ikarudi umbo lake. Lipidi peke yake hupasuka eneo lake likitanuka kwa asilimia chache tu. Hakina protini za juu. Na protini hizo zina habari kubwa hapa kwetu. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, pamoja na wenzao wa Cambridge, walichapisha katika Nature utafiti juu ya watu wenye kundi la damu la Dantu, linalopatikana hapa pwani. Jeni zao za glikoforini, protini za juu ya chembe nyekundu, zimeungana kwa namna ya pekee, na watu hao wana kinga dhidi ya malaria kali. Walipopima ule mtetemo wa ukingo, uleule niliodhani ni meza mbovu, waliona chembe za Dantu zina mkazo mkubwa zaidi katika utando, na mkazo ukipita kiwango fulani kijidudu cha malaria hushindwa kuingia. Nilisoma makala ile nikiwa nimesimama. Watoto wa Kilifi wamebeba jibu katika ukingo wa seli zao, na kipimo kilicholiona ni cha kutazama duara likicheza.

Ndiyo maana sasa nataka kuanza na glikoforini. Kuiingiza protini katika utando wenye pande tofauti, ikiwa imesimama kwa upande wake sahihi, kichwa nje na mkia ndani, ni kazi ambayo sijaifanya. Sabuni inayohitajika kuiyeyusha protini huweza kuyeyusha na utando. Nimekwisha kuandika mpango wa majaribio ya kwanza, nikaupeleka kwa mwanafunzi wangu autoboe matundu, naye ametoboa.

Mdogo wangu alikuja maabara wiki jana, mara yake ya kwanza. Nilimkalisha kwenye hadubini nikamwonyesha viputo vipya. Alitazama muda mrefu, akarekebisha kioo mwenyewe, akauliza, "Hivi ndivyo zangu zilivyotakiwa kuwa?" Nikamwambia, bado, lakini vya mwaka juzi vilikuwa mbali zaidi. Akaendelea kutazama. Nje mtu alikuwa anaokota maembe yaliyoanguka.

Kichupa cha fosfatidilserini kimebaki na kama robo. Jumamosi ni bamvua, ami ana jahazi, na mimi nina viputo vya kupima kabla ya saa sita mchana, halafu nitampelekea chakula.